Kazi ya Sekunde Tano

Watoto wanaozaliwa siku hizi huona jambo la kawaida kabisa mtu kubonyeza kitufe kwa dole gumba na injini ikaitikia. Sisi wa rika langu tunakumbuka mambo yalivyokuwa. Lori la zamani lilikuwa na chuma kilichopindwa mara mbili, tulichokiita hendeli, ambacho utingo alikichomeka mbele ya injini na kukizungusha mpaka jasho limtoke. Pikipiki iliwashwa kwa kiki, na mwenye pikipiki alijulikana kwa mguu wake. Katika makala hii nataka kueleza habari za kifaa kilichoondoa taabu ile, ambacho mafundi wetu hukiita stata au selfu: kilitoka wapi, kilifikaje kwetu, na jinsi fundi wa kweli anavyokichunguza kinapokataa kazi, kabla hajamwambia mtu atoe fedha mfukoni. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nimeona watu wenye kipato kidogo wakilipa fedha nyingi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali.

Hendeli ilikuwa kitu cha hatari. Injini ikiwaka kabla ya wakati wake, chuma kile hurudi nyuma kwa nguvu, na mkono ulioshika hauna pa kukimbilia. Huko Marekani, ambako magari yalikuwa yameenea mapema, watu wengi walivunjika vifundo vya mikono kwa namna hiyo. Wataalamu walijua kwamba mota ya umeme ingeweza kuizungusha injini, lakini hesabu zao ziliwaambia kwamba mota yenye nguvu kiasi hicho ingekuwa kubwa mno kubebwa na gari.

Aliyelifumbua fumbo hilo alikuwa mtu mmoja wa jimbo la Ohio aitwaye Charles Kettering, aliyezaliwa mwaka 1876. Napenda kumtaja kwa sababu, kabla hajasomea uhandisi, alikuwa mwalimu wa shule ndogo ya kijijini. Baadaye aliajiriwa katika kampuni ya National Cash Register mjini Dayton, iliyotengeneza mashine za kuhifadhia fedha za dukani. Droo za mashine hizo zilifunguliwa kwa kuzungusha mkono, na Kettering akapewa kazi ya kuweka mota badala ya mkono. Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo wenzake hawakuliangalia. Mota ile haikuhitaji kufanya kazi kutwa. Ilihitaji kufanya kazi ngumu kwa muda mfupi sana, kisha ipumzike. Na mota ndogo inaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kuliko kimo chake, ilimradi ipewe muda wa kupoa.

Fikra hiyo aliihamishia kwenye gari. Akiwa na kampuni ya Delco, aliyoianzisha pamoja na Edward Deeds, alitengeneza stata iliyofungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Tangu siku hiyo hendeli ikaanza kufa, na uendeshaji wa gari ukafunguka kwa watu ambao hawakuwa na misuli ya utingo, wakiwemo akina mama na wazee. Msomaji naomba aishike sana fikra hii ya kazi ngumu ya muda mfupi, maana ndiyo inayoeleza mpaka leo kwa nini stata hufa.

Kwenye pikipiki mambo yalichelewa zaidi. Mwaka 1914 kampuni ya Indian, ya mji wa Springfield katika jimbo la Massachusetts, ilitoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye stata ya umeme na betri mbili za volti 6. Ilikuwa ya kwanza ya namna yake kuuzwa, na ilishindwa vibaya. Mota yenyewe haikuwa na lawama kubwa; betri za wakati ule ndizo zilizokuwa dhaifu. Barabara mbovu ziliziharibu, na zikiisha nguvu hazikujazwa upesi. Baada ya mwaka huo kampuni iliachana nayo. Kwa hiyo somo la kwanza la selfu ya pikipiki liliandikwa miaka zaidi ya mia moja iliyopita: kabla hujaishutumu mota, mchunguze anayeilisha.

Miongo mingi ikapita, waendesha pikipiki wakiendelea kupiga kiki. Harley-Davidson waliweka stata ya umeme kwenye pikipiki yao kubwa ya Electra Glide mwaka 1965. Wajapani walikuwa wameanza kuziweka hata kwenye pikipiki ndogo, na mwaka 1969 Honda walipotoa CB750 yenye kitufe cha kuwashia, ilidhihirika kwamba kiki si alama ya uanaume tena, ni taabu inayoweza kuepukwa.

Huku kwetu pikipiki za wakati huo zilikuwa chache, na ukiiona moja ulijua anayekuja ni nani. Alikuwa bwana shamba, bwana afya, padre au mchungaji. Nilipotoka chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hasa baada ya Elimu ya Msingi kwa Wote kutangazwa mwaka 1977, viongozi wa elimu nao walianza kupewa pikipiki ili wazifikie shule zilizokuwa zikifunguliwa kila kijiji. Zilikuwa pikipiki ngumu, nyepesi, zisizo na madoido. Nyingi hazikuwa na selfu kabisa, na hazikuihitaji, kwa kuwa waliopewa walikuwa vijana.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, nchi ilikosa fedha za kigeni, na spea zikawa adimu kuliko sukari. Gari likiharibika stata, mwenye gari hakuwa na mahali pa kununua nyingine. Fundi aliifungua, akaisafisha, akachukua kaboni ya mota kubwa iliyokufa, akaisugua kwa tupa mpaka ikaingia kwenye kijumba cha kaboni ya zamani, akaifunga. Fundi wa miaka ile alilazimika kujua ndani ya kitu, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kuweka badala yake. Hali ilianza kulegea bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa. Maduka yakajaa polepole. Ilikuwa neema, na sina hamu ya kurudi kwenye foleni. Lakini pamoja na wingi wa spea ukaja mtindo mpya wa ufundi, ule wa kubadilisha kwanza na kuuliza baadaye.

Wimbi la pikipiki lenyewe lilitufikia baada ya mwaka 2000. Jina la bodaboda lilikuwa limezaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, pale Busia, ambako watu walivushwa kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipoingia, baiskeli ikaachia njia na jina likahamia kwenye chombo kipya. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilifuata muundo wa Honda CG125, pikipiki iliyobuniwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo chombo hupigwa kazi sana na kutunzwa kidogo. Mwaka 2010 zikatolewa kanuni zilizotambua pikipiki na bajaji kuwa vyombo vya kubeba abiria kwa leseni. Pikipiki iliyokuwa ya bwana shamba ikawa ya kila mtu.

Sakina ni mahali pazuri pa kuyaona mabadiliko hayo. Hapa ndipo barabara itokayo Namanga, mpakani mwa Kenya, inapoingia mjini Arusha, na hapa ndipo barabara ya njia nne iendayo Tengeru inapoanzia. Malori ya masafa marefu, daladala za Ngaramtoni, mabasi ya watalii na bodaboda hukutana mahali pamoja. Pikipiki ikizimika katikati ya makutano haya, si pahala pa kushuka na kupiga kiki mara saba huku abiria akiwa amebeba mtoto. Hapo ndipo mtu anapotambua kwamba kitufe kile hakikuwekwa kwa ajili ya mvivu.

Hata hivyo ukitembea vijiweni utakuta pikipiki nyingi ambazo selfu zao zilikufa zamani. Kiki ipo, na kijana ana mguu, basi hajali. Mimi nimevuka umri wa miaka sabini, na goti langu la kulia limekataa habari za kiki tangu miaka kadhaa iliyopita. Ninayo pikipiki ya Kihindi ya sisi 125, niliyoinunua nikiwa tayari mstaafu. Ndiyo inayompeleka mama watoto kliniki ya shinikizo la damu kila mwezi, na ndiyo inayotupeleka shambani upande wa Kisongo. Selfu ikifa, pikipiki nzima imekufa kwangu, hata kama injini ni nzima kama siku ilipotoka kiwandani.

Msimu mmoja wa masika selfu hiyo ilianza ukaidi. Asubuhi nyingine iliwasha bila tatizo. Asubuhi nyingine nilibonyeza kitufe nikasikia "tik" moja tu, kisha kimya. Fundi wa kwanza niliyemwendea, ambaye kibanda chake kiko mbali na hapa, hakuinama hata kuitazama. Aliniambia betri imekufa, ninunue mpya, na yeye anayo. Nilimshukuru nikaondoka, maana mtu anayetoa jibu kabla ya swali hata darasani hatukumpa alama.

Fundi wa pili alikuwa kijana niliyemfundisha darasa la saba. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, akajifunza ufundi chini ya mti kwa fundi mwingine, na sasa ana kibanda chake mwenyewe pembeni ya barabara. Aliponiona alifuta mikono kwa tambara.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuniuliza maswali. Je, inakataa asubuhi tu, au hata injini ikiwa ya moto? Je, "tik" ni moja, au ni nyingi za mfululizo kama cherehani? Je, ikikataa, mtu akiigonga stata kidogo huamka? Je, mota huwahi kulia bila injini kuzunguka? Niliketi kwenye kigoda chake nikamsikiliza kwa furaha, kwa kuwa kila swali lilikuwa linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine.

Naomba nieleze maana ya maswali hayo, kwani yatamsaidia msomaji hata kama hajawahi kushika spana. Njia ya umeme wa selfu ni fupi. Betri hutoa umeme. Waya mnene huupeleka kwenye rilei, ambayo ni swichi kubwa inayoamrishwa na kitufe kidogo cha mkononi. Kutoka rilei waya mnene mwingine huenda kwenye stata. Ndani ya stata, vipande viwili au zaidi vya kaboni hugusa shaba za amecha inayozunguka, na amecha huzungusha injini kwa meno au kwa mnyororo mdogo. Umeme hurudi kwenye betri kupitia mwili wa stata, mwili wa injini, na waya wa ethi.

Kwa hiyo, ukibonyeza na usisikie chochote, shaka iko upande wa amri: fyuzi, kitufe, swichi ya klachi, au rilei yenyewe. Ukisikia "tik-tik-tik" za haraka, mara nyingi betri haina nguvu: rilei hushika, betri huzama, rilei huachia, kisha hurudia. Ukisikia mota ikilia "wiii" na injini imetulia, mota ni nzima. Kilichochoka ni klachi ya selfu inayoishika injini. Na ukisikia "tik" moja kisha kimya, amri imefika na rilei imeshika. Umeme umepotelea mbele ya hapo.

Kijana wangu alichukua mita yake akapima betri ikiwa imetulia. Ilisoma volti 12.6, ambayo ni afya njema. Kisha akaniomba nibonyeze kitufe wakati wa kukataa. Betri yenye afya inapozungusha injini hushuka, lakini haipaswi kwenda chini sana ya volti 10. Yangu ilibaki palepale, 12 na kitu, kana kwamba hakuna aliyeiomba kazi. Akahamishia mita kwenye ncha ya stata yenyewe, nikabonyeza tena. Volti 12 zilikuwa zimefika.

"Mwalimu," akasema, "umeme umefika mlangoni, lakini mwenye nyumba haamki."

Akaigonga stata taratibu kwa mpini wa bisibisi, mgongo mmoja tu, kwa sababu sumaku za ndani zinaweza kupasuka zikipigwa kwa nguvu. Nikabonyeza. Injini ikawaka. Hiyo ndiyo dalili ya kaboni zilizokwisha: haziigusi shaba sawasawa mpaka zishtuliwe. Betri niliyoambiwa ninunue isingesaidia lolote.

Wakati huohuo palikuwa na kijana wa bodaboda akisubiri. Pikipiki yake ilikuwa ya mkataba, yaani mali ya mtu mwingine anayelipwa hesabu kila siku mpaka kiasi walichokubaliana kitimie, ndipo chombo kiwe cha dereva. Siku isiyo na kazi haipunguzi deni hata shilingi. Kiki yake ilikuwa imevunjika, na selfu ilikuwa ikizunguka kwa unyonge mithili ya mzee anayepanda ngazi. Alikuwa ameshanunua betri mpya kwa kushauriwa na mtu, na hali ilibaki ileile. Siku mbili za kazi zilikuwa zimepotea. Alikuja na shauri jipya alilopewa, kwamba sasa anunue stata.

Fundi aliweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye mwili wa injini, akamwambia abonyeze. Mahali hapo mita haipaswi kuonyesha zaidi ya sehemu ndogo ya volti moja, kwa sababu ni njia iliyo wazi. Ilionyesha volti 4. Akafuata waya wa ethi mpaka kwenye bolti yake, akaifungua. Chini yake palikuwa na kutu na tope lililokauka. Msasa, dakika kumi, bolti ikarudi. Selfu ikazungusha injini kwa nguvu mpaka yule kijana akacheka peke yake. Hakununua stata, na betri aliyoinunua haikuwa imehitajika.

Hapa lazima nimtaje mwalimu mwingine wa zamani. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya mji wa Köln, Ujerumani, alichapisha kanuni ambayo wanafunzi wetu huikariri bila kujua inakaa wapi duniani: volti ni ampea mara ukinzani. Inakaa chini ya bolti yenye kutu. Tuseme stata inataka ampea 50, na kutu imeleta ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, kiasi kidogo ambacho mtu angekidharau. Zidisha: volti 5 zinapotelea kwenye kutu, na mota inabakiwa na 7 kati ya 12. Sasa chukua taa ya mbele ya wati 35. Hiyo inavuta ampea 3 tu, na kwenye kutu ileile inapoteza sehemu tatu ya kumi ya volti, ambayo jicho haliioni. Ndiyo maana watu husema, "Taa zinawaka vizuri, kwa hiyo nyaya ni nzima, mbovu ni stata." Taa ni shahidi mwepesi. Haijawahi kubeba mzigo mzito, na haiwezi kutoa ushahidi kuhusu barabara ya malori.

Stata yangu nayo ilifunguliwa siku hiyohiyo. Gia iliwekwa nyutro, na waya wa hasi wa betri ukatolewa kwanza, ili spana ikigusa mwili wa pikipiki isilete cheche karibu na petroli. Kisha akavua kofia ya mpira, akafungua nati ya waya mnene, akatoa bolti mbili, akaivuta stata ikatoka. Ndani, kaboni zilikuwa zimebaki vijipande. Kama ni hizo tu, ningenunua kaboni mpya kwa fedha kidogo na habari ingeishia hapo. Lakini bushi inayoshika mhimili ilikuwa imelika, amecha ilikuwa ikisugua sumaku, na shaba zake zilikuwa nyeusi, zenye mashimo ya kuungua. Sili iliyochoka ilikuwa ikipitisha oili kidogokidogo, ikaloweka vumbi la kaboni likawa uji. Miaka tisa ilikuwa imefanya kazi. Fundi akanionyesha kila kimoja kwa ncha ya bisibisi, akanyamaza, akaniachia niamue. Niliamua tubadilishe nzima, na safari hii nilijua ninalipia nini.

Stata mpya haikufungwa kwa kuitazama umbo tu. Aliiweka sambamba na ya zamani, akahesabu meno ya zote mbili, akapima urefu wa shingo na nafasi ya matundu ya bolti, kwani spea dukani hufanana kama mapacha na zikawa si ndugu. Alipaka oili kwenye mpira wa duara unaozuia oili ya injini isivuje. Alikwangua rangi na uchafu mahali stata inapokaa, kwa sababu umeme hurudi kupitia hapo hapo, na ukifunga stata mpya juu ya uchafu umejitengenezea kutu ya yule kijana wa bodaboda kwa mkono wako. Bolti alizikaza kwa kiasi, kwa kuwa mwili wa injini ni wa aluminiamu na nyuzi zake hukatika upesi. Waya wa hasi ulirudishwa wa mwisho. Nilibonyeza, nayo ikawaka kabla sijahesabu mbili.

Alinipa na wosia, ambao ungeweza kutoka kinywani mwa Kettering mwenyewe. Usishike kitufe zaidi ya sekunde tano. Ikikataa, iache ipoe kwanza kabla hujaibonyeza tena. Ikikataa mara tatu au nne, acha kabisa, tafuta kama petroli ipo na plagi inatoa cheche. Stata ilizaliwa kwa kazi ngumu ya muda mfupi. Ukiilazimisha kufanya kazi ngumu ya muda mrefu, joto huunguza waya wake, nawe utasema ilikuwa feki.

Jioni ile nilifikiri sana juu ya kijana huyu na mfumo uliomwacha nje. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule zetu zijenge akili inayodadisi na kuyahusisha masomo na kazi ya maisha. Shule nyingi zilielewa kwamba maana yake ni jembe. Tulikuwa na mashamba na mifugo, na baadhi yetu tulikuwa na karakana. Lakini mtihani wa darasa la saba ulibaki kupima jibu, na haukuwa na njia ya kumpima mtoto kwa maswali anayouliza. Kijana huyu hakuna karatasi inayosema kwamba anaijua kanuni ya Ohm, na jina la Ohm hakulijua mpaka nilipomtajia pale kibandani. Lakini anaitumia kila siku, huku wako wengi waliopata alama zote kwa kanuni hiyo na bado watanunua betri mpya kwa sababu ya bolti yenye kutu.

Na gharama ya kutouliza haigawanywi sawa. Mwenye uwezo akiuziwa stata asiyoihitaji, hulalamika kidogo akasahau. Dereva wa mkataba akiuziwa betri asiyoihitaji, watoto wake wanakula ugali na chumvi juma zima, na hesabu ya tajiri inabaki palepale. Fundi anayepima kabla ya kubadilisha anafanya kazi ya haki, japo mikono yake imejaa grisi na hakuna anayemwita hakimu.

Siku hizi katika miji ya Afrika ya Mashariki, Kigali na Nairobi zikiwemo, zimeanza kuonekana pikipiki za umeme mtupu. Hazina kiki wala selfu, kwa sababu hakuna injini ya kuamshwa. Mota, iliyokuwa kibarua wa sekunde tano, sasa ndiyo inayobeba abiria safari nzima, na imetengenezwa upya kwa kazi hiyo ndefu. Vijana wa Sakina watazifungua nazo zitakapojaa hapa. Watakuta betri, nyaya, swichi, na mahali ambapo waya unashikana na chuma. Vumbi letu la kiangazi na tope letu la masika havitazionea huruma kwa kuwa ni mpya, na nyaya zake nazo zitabeba ampea nyingi. Atakayekuwa na mita mkononi, na subira ya kuuliza kabla ya kuuza, hatakosa kazi.